Je, Khlestakov ni tapeli? Jibu kwa mwalimu anayeandaa mchezo wa Gogol

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mlezi wa klabu ya maigizo katika shule ya sekondari. Mwaka huu tumechagua Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya Nikolai Gogol. Kijana anayecheza Khlestakov, yule msafiri anayedhaniwa kuwa mkaguzi, ana kipaji kweli, na nimemwelekeza amcheze kama tapeli wa mjini: anakonyeza hadhira, anacheka pembeni kila akipewa pesa. Lakini kadiri tunavyofanya mazoezi ndivyo mchezo unavyozidi kupooza. Sehemu ya pili, ile ya nyumba ya wageni, haimchekeshi mtu kabisa. Halafu wanafunzi wananiuliza mbona hakuna mhusika hata mmoja mwema. Tatizo ni letu au ni la tamthilia? Na je, tuuhamishie mchezo Tanzania kwa majina ya kwetu?

Marahaba, mwalimu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na naona tatizo liko kwenye lile konyezo. Mwondolee kijana wako konyezo na mchezo utapata uhai. Nitaeleza kwa kirefu, kwanza kwa sababu tamthilia hii naipenda mno, na pili kwa sababu kosa hili halikuanza kwako. Lilifanyika usiku wa kwanza kabisa ilipopanda jukwaani, mwandishi mwenyewe akiwa ukumbini.

Usiku huo ulikuwa tarehe 19 Aprili 1836 kwa kalenda ya zamani ya Urusi, katika jumba la Alexandrinsky mjini St. Petersburg. Gogol alikuwa na miaka 27. Mfalme wa Urusi, Nikolai wa Kwanza, alihudhuria, akacheka, na inasimuliwa kwamba alipotoka alisema kila mtu kapata lake, na yeye kapata kuliko wote. Kijana mwingine angetembea kifua mbele mwezi mzima. Gogol alitoka pale amevunjika moyo. Muigizaji aliyepewa nafasi ya Khlestakov, aliyeitwa Dyur, alikuwa hodari wa vile vichekesho vyepesi vya nyimbo na mikogo vilivyopendwa wakati ule, naye akamcheza Khlestakov kama mwongo wa vichekesho hivyo: mlaghai anayejua kuwa ni mlaghai, na anayetaka hadhira ijue kwamba anajua. Gogol aliandika kwamba Dyur hakuelewa hata chembe Khlestakov ni nani. Mwezi Juni mwaka ule ule akaondoka Urusi.

Sasa tumwangalie huyo Khlestakov kama alivyoandikwa. Ana miaka 23 hivi, mwembamba, na mwandishi anatuambia wazi kwamba ni mpumbavu kidogo. Kazi yake ni ukarani wa daraja la 14. Hapa wanafunzi wako wanahitaji kuelezwa kitu: tangu mwaka 1722 watumishi wa serikali ya Urusi walipangwa katika ngazi 14 zilizowekwa na mfalme Petro Mkuu, na ya 14 ndiyo ya chini kuliko zote. Hakuna aliye chini yake isipokuwa mlinzi wa mlangoni. Anasafiri kwenda kwa baba yake kijijini, njiani amecheza karata katika mji wa Penza akanyolewa pesa zote, na sasa amekwama katika mji mdogo, anakaa wiki ya pili katika nyumba ya wageni bila kulipa hata senti. Hana mpango wowote. Laiti mwenye nyumba ya wageni angempa sahani ya wali akashiba, tamthilia isingekuwepo.

Tapeli ni mtu anayekuja na hila yake. Khlestakov hakuja na hila, amekuja na njaa. Hila yote imetengenezwa na mji kabla hajatamka neno.

Ndiyo maana Gogol hakumleta jukwaani katika sehemu ya kwanza. Anaanza na mkuu wa mji, Anton Antonovich Skvoznik-Dmukhanovsky, amewaita maofisa wake nyumbani kuwapa habari mbaya: mkaguzi anakuja kutoka St. Petersburg, anakuja kwa siri, tena ana maagizo maalumu. Huo ndio mlango wa tamthilia, sentensi moja tu, na sijui tamthilia nyingine inayoingia kwenye shughuli haraka hivyo. Baada ya hapo hofu inafanya kazi yake. Sikiliza maagizo anayoyatoa. Hospitalini wagonjwa wavalishwe kofia safi. Msimamizi wa hospitali, Zemlyanika, anamtoa wasiwasi kwamba wao hawatumii dawa za gharama, kwani mtu wa kawaida akiwa wa kufa atafa, akiwa wa kupona atapona. Mahakamani walinzi wanafuga mabata bukini, na vifaranga vinazunguka miguuni mwa watu wanaokuja kudai haki. Hakimu anakiri kwamba anapokea rushwa, lakini ya watoto wa mbwa wa kuwinda, na watoto wa mbwa, kwa hesabu yake, si rushwa. Kuna mwalimu wa historia ambaye akifika kwa Aleksanda wa Makedonia anapandwa na jazba mpaka anavunja viti. Na kanisa lililotengewa fedha miaka mitano iliyopita? Akiuliza mtu, semeni lilianza kujengwa likaungua moto.

Halafu kuna agizo moja dogo ambalo huwa nawaomba waongozaji wasilipitie mbiombio. Polisi mmoja alipewa na mfanyabiashara kitambaa kidogo cha kushonea sare, yeye akabeba jora zima. Mkuu wa mji anamkaripia, na kosa analomkaripia nalo ni kwamba anakula kupita cheo chake. Katika mji huu rushwa ina ngazi zake kama vyeo vilivyo na ngazi, na aibu pekee ni kuruka ngazi. Ukiikata mistari hiyo miwili kwa kubana muda, umekata mfupa.

Sasa ingia kwa Bobchinsky na Dobchinsky, wale wanaume wawili wafupi wenye vitambi wanaofanana kama mapacha, wanakimbia wakigombania nani asimulie. Wamemwona kijana katika nyumba ya wageni. Halipi, haondoki, na alipopita karibu na meza yao alichungulia hata sahani zao! Alichungulia kwa sababu ana njaa. Kwao uchunguliaji ule ni ukaguzi. Mkuu wa mji anauliza yuko pale tangu lini, na akiambiwa wiki mbili, anapiga ukunga. Katika wiki mbili hizo mjane wa askari amechapwa viboko! Wafungwa hawajapewa posho! Mitaa ni takataka! Angalia: hakuna aliyemshtaki. Anajishtaki mwenyewe, moja baada ya jingine, tena kwa ufasaha.

Kufikia hapo, mwalimu, mkaguzi amekwisha kuzaliwa. Kinachobaki ni kumtafutia mwili.

Tuje basi kwenye hiyo sehemu ya pili inayowashinda. Khlestakov ameletewa chakula baada ya kubembeleza sana, na badala ya mafuta kuna manyoya yanaelea juu ya supu. Nyama ni ngumu kama gogo. Anaambiwa mkuu wa mji yuko mlangoni. Anabadilika rangi: anaamini mwenye nyumba amemshtaki na sasa anakuja kukamatwa kwa deni. Mlango unafunguka, na mkuu wa mji anayeingia naye amebadilika rangi: anaamini anakuja kukaguliwa. Na hapa Gogol ameandika elekezo ambalo waongozaji wengi hulipuuza. Anasema watazamane kwa hofu, macho yamewatoka, kwa dakika kadhaa. Dakika, si sekunde. Huwezi kuzifanya dakika kamili, lakini nenda mbali kuliko unavyothubutu.

Kisha wanaanza kuzungumza, na hakuna anayemsikia mwenzake. Khlestakov anajitetea kwamba atalipa, kwamba pesa zinakuja kutoka kijijini, kwamba mwenye kosa ni mwenye nyumba kwa nyama yake. Mkuu wa mji anasikia lawama juu ya nyama ya sokoni kwake, anaomba radhi, na kwa unyenyekevu anampa wazo la kuhamia makazi mengine. Makazi mengine! Khlestakov anajua makazi hayo ni yapi: ni jela. Anapiga kelele kwamba haendi, kwamba yeye anafanya kazi St. Petersburg, kwamba hawathubutu. Mkuu wa mji anatetemeka: huyu anajua kila kitu, wafanyabiashara wamekwisha mweleza. Anaanza kuungama habari za yule mjane aliyechapwa. Khlestakov, aliyechanganyikiwa kabisa, anajibu kwamba mjane huenda wakamchapa lakini yeye hawamchapi, na kwamba amekaa pale kwa sababu moja tu, hana hata kopeki. Huo ni ukweli mtupu, hauna kona. Mkuu wa mji anajigeukia pembeni na kustaajabu jinsi mtu huyu alivyo fundi wa kuficha mambo. Kisha anamkopesha rubo 200 na kumsukumia 400 mkononi.

Kicheko chote cha onyesho hilo kinatokana na hofu mbili zinazogongana. Kijana wako akikonyeza, hofu moja imetoka nje. Inabaki hofu ya mkuu wa mji peke yake mbele ya mtu anayemzuga, na hilo hadhira imekwisha liona mara mia katika vichekesho vya runinga. Wanajua mwisho wake kabla hujafika.

Zoezi ninalolitumia mimi ni hili. Wape waigizaji hao wawili karatasi. Kila mmoja aandike, bila kumwonyesha mwenzake, anaamini mwenzake ni nani na atamfanya nini ndani ya saa moja ijayo. Khlestakov aandike kuhusu jela: kuna baridi kiasi gani, nani atamwona akipelekwa amefungwa pingu. Mkuu wa mji aandike kuhusu kufukuzwa kazi na kupelekwa Siberia. Kisha walicheze onyesho wakiwa na karatasi zao mfukoni, na uwakataze kabisa kuchekesha. Mara ya kwanza nilipolifanya hilo na kundi la wanachuo, kijana aliyekuwa mkuu wa mji alilowa jasho mgongoni kwelikweli, na wenzake waliokaa sakafuni wakawa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Gogol mwenyewe alionya katika maelezo yake kwa waigizaji kwamba kadiri muigizaji asivyofikiria kuchekesha ndivyo atakavyochekesha. Kuhusu Khlestakov aliongeza kwamba kadiri anavyochezwa kwa unyofu na urahisi ndivyo muigizaji atakavyofaulu.

Utaniuliza: na ule uongo mkubwa wa sehemu ya tatu? Pale si anadanganya?

Anadanganya, ndiyo, tena vibaya. Lakini tazama uongo unavyokuja. Ameshalishwa vizuri, amekunywa, yuko mbele ya wanawake wawili wanaomkodolea macho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake watu wanamsikiliza. Anaanza padogo: msimwone karani, mkuu wa idara ni rafiki yake. Hakuna anayepinga. Anapanda kidogo. Pushkin, mshairi mkubwa wa Urusi, ni mwenzake wa kutaniana. Hakuna anayepinga. Vitabu maarufu kaviandika yeye. Tikiti maji la mezani kwake ni la rubo 700, supu inaletwa kwa meli kutoka Paris ikiwa bado kwenye sufuria. Matarishi 35,000 walitumwa kumtafuta mitaani aende akaongoze idara. Mtu mwenye hila hasemi hivyo, mwalimu. Tapeli hupima uongo wake, maana anataka uaminike. Huyu ni mtoto aliyepewa ngoma, anaipiga mpaka ngozi ipasuke.

Na katikati ya mafuriko hayo kuna kuteleza kumoja ambako, kwangu mimi, ndiko dirisha la kumwona ndani. Anasimulia anavyorudi nyumbani: unapanda ngazi mbio mpaka orofa ya nne, unamwambia mpishi, haya Mavrushka, chukua koti. Kisha anashtuka. Orofa ya nne ndiko wanakokaa makarani maskini, na mpishi mmoja anayepokea koti ndiye mtumishi pekee. Ukweli umemponyoka. Anajisahihisha haraka kwamba amesahau, yeye anaishi orofa ya waheshimiwa, kisha anaendelea mbio. Mwambie kijana wako asimame hapo nusu pumzi. Asimtazame mtu. Kwa nusu pumzi hiyo tunakiona chumba chake: baridi, giza, ngazi ndefu. Ukilipata hilo, wasichana wa mstari wa mbele watamwonea huruma hata kama hawajui kwa nini, na kicheko kitakachofuata kitakuwa na uzito mwingine.

Wakati anasema hayo, maofisa wanafanya nini? Wanatetemeka. Akisema kesho atapandishwa kuwa mkuu wa majeshi, anateleza, karibu aanguke, nao wanamdaka kwa heshima. Mkuu wa mji anajaribu kusema "mheshimiwa" lakini meno yanagongana, inatoka silabi moja moja. Na huyu si mjinga! Gogol anasisitiza kwamba ni mtu mwenye akili kwa namna yake, anayejiheshimu, hasemi kwa sauti kubwa wala ndogo, hasemi mengi wala machache. Katika sehemu ya tano mwenyewe anajitaja: miaka 30 kazini, hakuna mfanyabiashara wala mkandarasi aliyewahi kumzidi ujanja, amewahadaa magavana watatu. Mtu huyo ndiye anayemezwa na karani wa daraja la 14. Kama Khlestakov ni tapeli hodari, kushindwa kwake kunaeleweka na habari imekwisha. Kama Khlestakov ni kijana mtupu asiyejua hata kwamba anashindana, basi tunalazimika kuuliza kilichomshinda mkuu wa mji ni kitu gani, na jibu halitoki nje ya mkuu wa mji mwenyewe.

Khlestakov anatambua lini? Katika sehemu ya nne, baada ya maofisa kuingia mmoja mmoja na bahasha zao. Hakimu fedha zinamdondoka sakafuni kwa woga, na Khlestakov, kwa uungwana kabisa, anaomba azikope. Mia tatu. Mkuu wa posta, mia tatu. Afisa elimu, mia tatu. Zemlyanika, mia nne, pamoja na majungu juu ya wenzake wote. Mwambie kijana aziombe kama mtu anayeomba kiberiti. Ni pale tu anapobaki peke yake anahesabu noti, moja imejaa mafuta, na kusema anadhani wamemchukulia kuwa mkubwa wa serikali. Furaha yake si ya mwizi, ni ya mtu mwenye hadithi tamu ya kumsimulia rafiki, na papo hapo anakaa kumwandikia barua. Anayenusa hatari ni mtumishi wake, Osip. Osip ndiye mwenye akili timamu kuliko wote jukwaani: alikuwa na njaa tangu mwanzo, anaelewa wamefananishwa na watu wengine, na ndiye anayesema tuondoke wakati farasi wapo. Mpe Osip muigizaji wako mtulivu zaidi.

Hapo ndipo tufike kwenye swali la wanafunzi wako, la mtu mwema. Ni swali zuri na wamelipata wenyewe, wapongeze. Watu wa 1836 waliuliza hilo hilo. Komedia zao zilikuwa na desturi: wapenzi wawili wema, kizuizi, mjomba mwenye busara, harusi. Gogol alivitoa vyote. Mapenzi ameyaacha kwa dakika chache tu, Khlestakov anapopiga magoti kwa binti wa mkuu wa mji, muda si mrefu anapiga magoti kwa mama mtu, kisha anaomba mkono wa binti. Miaka sita baadaye, katika igizo fupi alilochapisha mwaka 1842 linaloonyesha watazamaji wakitoka ukumbini na kubishana, Gogol alijibu kwamba mtu mmoja mwaminifu alikuwepo jukwaani tangu mwanzo hadi mwisho na hakuna aliyemwona. Mtu huyo ni kicheko.

Jibu hilo ni zuri, lakini kwa wanafunzi wa sekondari lisiwe ndilo la pekee. Waelekeze kwa wale wanaopita haraka. Wafanyabiashara wanaokuja kulalamika nao ni wezi, sawa. Lakini kuna mke wa fundi wa kufuli ambaye mume wake amepelekwa jeshini isivyo haki, kwa sababu wenye zamu walitoa hongo. Kuna mjane wa askari, yule aliyechapwa viboko kwa makosa ya wengine, na mkuu wa mji anadai kwamba alijichapa mwenyewe. Watu wanacheka kwa mstari huo kila mara, na mimi nacheka, lakini mgongo wa mwanamke yule una alama. Hawa wawili wana nafasi ndogo sana. Usiwaache wachezwe kwa kupiga makelele ya sokoni. Waje wakiwa wamejiandaa kusema mbele ya mkubwa, kama mtu anayekwenda kwa mkuu wa wilaya na karatasi yake imekunjwa mara nne kwenye kanga. Na mkubwa waliyempata ni Khlestakov.

Na kuna Bobchinsky. Wote wawili, yeye na Dobchinsky, wameombwa rubo 1,000. Wamekwangua mifuko wakapata 65. Kisha Bobchinsky ana ombi. Mheshimiwa akirudi St. Petersburg, awaambie wakubwa wote, maseneta na maadmirali, na kama ikitokea hata mfalme, kwamba katika mji fulani anaishi Pyotr Ivanovich Bobchinsky. Basi. Hataki kazi, hataki pesa. Anataka ijulikane kwamba yupo. Wafanye wanafunzi wako waisome sehemu hiyo kwa sauti ya kawaida, polepole, kisha waulize kama huyo ni mtu mbaya.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa ujumbe, kama mhamishie mchezo Tanzania kwa majina ya kwetu. Nakusihi usifanye hivyo. Majina yake ni sehemu ya mchezo: hakimu Lyapkin-Tyapkin kwa masikio ya Mrusi ni Bwana Lipua-Lipua, mtu wa kazi ya bora liende, polisi Derzhimorda ni kama Bwana Kamata-Domo. Yaeleze kwenye karatasi ya programu na uyaache. Christon Mwakasaka alipoileta kwa Kiswahili, kazi kubwa ya kutuvusha ilikwisha fanyika. Hadhira itavuka yenyewe. Hakuna mwanafunzi asiyeijua siku ya ugeni: nyasi zinafyekwa tangu alfajiri, mawe ya njiani yanapakwa chokaa, madaftari yanasahihishwa usiku, na mnaambiwa mkiulizwa kuhusu chakula mjibu nini. Zungumzeni hayo kwenye mazoezi, myatumie kama kuni, lakini jukwaani mji ubaki wa Urusi. Ukiutaja mji wetu, kila mkubwa aliyekaa mbele ataanza kutafuta nani kasemwa. Ukiutaja wa Urusi, ataanza kujitafuta mwenyewe.

Hata hivyo usiwageuze wahusika kuwa mafumbo. Gogol mwenyewe aliingia kwenye kishawishi hicho alipokuwa mtu wa dini zaidi: aliandika hitimisho akieleza kwamba mji ni nafsi ya mtu, maofisa ni tamaa zake, na mkaguzi wa kweli ni dhamiri. Mikhail Shchepkin, muigizaji aliyezaliwa katika utumwa wa mashamba na aliyemcheza mkuu wa mji Moscow tangu Mei 1836, alikataa. Mwaka 1847 alimwandikia Gogol kwamba asimpokonye watu wake. Ni watu halisi, wazima, ameishi nao miaka kumi, hataki kubadilishiwa. Mimi niko upande wa Shchepkin.

Yamebaki mambo ya sehemu ya tano. Usomaji wa barua uupe muda mwingi wa mazoezi kuliko kitu kingine chochote. Mkuu wa posta ameifungua, kama anavyofungua barua za watu kila siku. Kila mmoja anafurahia mwenzake anapotukanwa, kisha zamu yake inafika na sauti inakwama kooni. Anapofika kwenye jina lake msomaji anajifanya mwandiko hausomeki, mwingine ananyakua karatasi. Afisa elimu ananuka vitunguu, Zemlyanika ni nguruwe aliyevaa kofia. Hakimu anashukuru Mungu kwamba yeye hayumo, na hapo hapo jina lake linasomwa. Onyesho hili linahitaji kasi ya watu wanaopasiana kaa la moto. Baadaye mkuu wa mji anauliza mnacheka nini, mnajicheka wenyewe. Mstari huo Gogol aliuongeza baadaye, katika toleo la 1842, pamoja na methali ya mwanzo wa kitabu kwamba usilaumu kioo kama sura yako imepinda. Usimpeleke muigizaji ukingoni mwa jukwaa aunyooshee ukumbi kidole. Awaambie maofisa wake waliomzunguka. Kisha macho yake yapotee tu, yaelekee kwenye giza la ukumbi kama mtu aliyesikia kelele huko.

Kisha anaingia askari na sentensi moja: ofisa aliyefika kutoka St. Petersburg kwa amri ya mfalme anawaita mara moja. Gogol anataka wagande wote bila neno kwa karibu dakika moja na nusu. Utashawishika kufunga pazia baada ya sekunde tano. Meyerhold, mwongozaji maarufu wa Kirusi, alipouweka mchezo huu Moscow mwaka 1926, aliweka masanamu yenye ukubwa wa watu mahali pa waigizaji. Wewe huna masanamu, una wanafunzi, nao wataweza ukiwapa kitu cha kufikiri. Warudie zile karatasi za mfukoni, waandike upya: safari hii ni mkaguzi wa kweli, atauliza nini kwanza? Anza na sekunde 20 wiki hii, uongeze kumi kila zoezi. Hadhira itacheka mwanzoni, itanyamaza, baadhi watacheka tena kwa kutojua la kufanya, kisha ukumbi utakuwa kimya. Usifunge pazia kabla ya ukimya huo wa pili. Na huyo askari, mchague mwanafunzi mwenye sauti ya chini, asiyewahi kupewa nafasi ya kusema jukwaani, umwambie asipaze sauti.